Sekunde Saba za Kogo Taplelei

Siku ile tulikuwa watu wanne kwenye kibanda cha simu pale Litein. Mzee Onyango, mwenye kibanda, alikuwa kwenye kiti chake cha kamba akisoma gazeti la juzi. Mama Akinyi, muuza omena, alikuwa ameegemea dirisha letu kwa sababu jua lilikuwa limehamia upande wake. Kogo Taplelei, mjane kutoka upande wa Roret, alikuwa kwenye benchi la wateja, sarafu zake zimefungwa kwenye pindo la leso. Nami, Chelang'at, nilikuwa nimeshika saa mkononi. Kama mtu wa upande wa pili wa simu naye anahesabiwa, basi tulikuwa watano. Wa tano alikuwa Weldon, kifungua mimba wa Kogo, kibarua katika kiwanda cha mabati huko Athi River.

Nawataja kwa majina kwa sababu ninyi vijana mliobaki pale dukani mmeniuliza mara nyingi maana ya maneno yaliyo ukutani juu ya kaunta: ANZA NA NI KWEMA. Mmoja wenu alidhani ni mstari wa Biblia. Si wa Biblia. Sasa nimestaafu na nina wakati, nitaeleza, lakini nitaanza mwanzo, maana bila mwanzo kosa langu litaonekana kama uzembe, na sikuwa mzembe.

Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata, nikabaki na wadogo watatu na shamba dogo la chai lenye mistari unayoweza kuihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Nilichuma chai yetu asubuhi na ya majirani mchana. Mzee Onyango alinikuta kwenye kituo cha chai nikibishana na karani wa mizani. Karani alikuwa ameandika kilo kumi na tisa, nami nilikuwa nimezijumlisha kichwani zikafika ishirini na mbili. Mzee alisimama pembeni mpaka karani akafuta. Kisha akaniuliza, "Msichana, unaweza kuhesabu hivyo mtu akikupigia kelele?"

Nikamwambia nina wadogo watatu nyumbani.

"Basi kuja Jumatatu," akasema.

Mzee alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye mtambo wa simu wa shamba kubwa la chai, wakati simu zilipounganishwa kwa kuchomeka nyaya kwa mkono. Alipostaafu akafungua kibanda. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha kupiga simu. Alinifundisha kuwatazama wateja. "Simu haina macho," aliniambia. "Utaona mtu anaulizwa swali, anatikisa kichwa, halafu analalamika kwamba huyo wa pili ni kiziwi." Kabla ya saa sita nilikuwa nimewaona watatu. Wa nne alikuwa mchungaji, akafumba macho muda wote wa simu kama anaomba, mwenzake akadhani laini imekatika.

Siku hizo laini yetu ilikuwa moja na ilihesabiwa kwa dakika nzima. Ukizungumza sekunde sitini, ni dakika moja. Ukizungumza sitini na moja, ni mbili. Mteja alikuwa analipia dakika moja aliyoomba, na ile sekunde moja iliyozidi ilitoka kwangu. Kwa mshahara wangu, sekunde moja ilikuwa unga wa jioni. Mzee akanipa saa ya kupimia mbio, aliyoinunua kwa mwalimu wa michezo aliyekuwa akihama. Kwetu saa kama ile inajua miguu ya vijana tu. Watu walicheka kuiona ikipima midomo ya wazee. Nilikuwa nabonyeza mtu akisema "halo", na kwa kuogopa ile sitini na moja nikajizoeza kukata mapema. Hamsini na nane. Baadaye hamsini na sita. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa saa ilikuwa imeelekea kwangu.

Kisha kampuni ya pili ya simu ikaja na bei yake. Watu wengi hawakuelewa, lakini mimi nilielewa siku ileile: kupiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya kampuni hiyohiyo. Nilimwomba Mzee tununue laini ya pili. Akasita wiki nzima. Nilipomwonyesha kwa hesabu, akanunua. Simu moja niliifunga uzi mweusi, nyingine uzi mweupe. Mteja akifika, swali la kwanza lilikuwa, "Namba yako inaanzaje?" Ikianza hivi, uzi mweusi. Ikianza vile, uzi mweupe. Baadaye zilikuja kampuni nyingine mbili, nikaongeza uzi wa buluu na kamba ya katani. Ile ya katani ilikuwa rahisi kuliko zote, ila ilishika tu ukisimama kwenye kona ya juu ya josho la ng'ombe. Nilikuwa nawapeleka wateja huko kwa zamu kama mifugo, na walikwenda, maana akiba ni akiba.

Lakini hata laini rahisi haikuweza kushinda salamu zetu. Mnajua tunavyosalimiana. Chamgei, na unajibiwa chamgei. Kisha watoto. Kisha ng'ombe, na kama kuna anayekaribia kuzaa atatajwa kwa jina. Mvua. Chai. Kanisa. Jirani mgonjwa. Mtu aliyeanza moja kwa moja na shida yake alikuwa amekosa adabu. Nilimwona mama mmoja akimaliza dakika mbili kamili, akanirudishia simu, akasimama, akashika kichwa. "Ee! Sijamwambia kile kilinileta!"

Ndipo nikavumbua njia yangu. Niliandika ukutani kwa chaki: SEMA NENO KWANZA, SALAMU BAADAYE. Kabla ya kumpa mteja simu nilimkalisha, nikamuuliza anataka kusema nini, tukaifupisha pamoja, akairudia mara mbili. Halafu ndipo nabonyeza. Watu waliokuwa wakitumia dakika tatu wakawa wanatumia moja. Walikuja mpaka kutoka Bomet, mtu analipa nauli ili aje kuokoa pesa ya simu. Hesabu hiyo sikuwasahihishia.

Mzee Onyango peke yake hakuipenda. "Chelang'at," aliniambia, "mimi nimeunganisha simu nusu ya maisha yangu. Simu ambazo hazina salamu nilizijua. Zilikuwa za vifo."

"Mzee, hizo ni za zamani."

"Kifo hakina zamani," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Sasa ile siku. Ilikuwa Alhamisi. Kogo Taplelei, na kwa wasio wa kwetu, kogo ni bibi, alikuja kumpigia Weldon. Mtoto wake mdogo, Kibet, alikuwa amekubaliwa na wazazi wa msichana, na koito, yaani kikao cha kuzungumzia mahari, kilikuwa Jumamosi hiyo. Baba yao hakuwepo tena, kwa hiyo kifungua mimba ndiye aliyepaswa kukaa na wazee. Kogo alikuwa na pesa ya dakika moja. Namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake Weldon, maana Weldon hakuwa na simu. Ilikuwa ya kampuni ya pili, nikachukua uzi mweupe, nikaona tumeshaokoa nusu.

Tukafupisha. Kogo akarudia: "Weldon, kuja nyumbani upesi. Ni Kibet. Jumamosi tuko na koito yake." Akairudia mara ya pili bila kosa. Mama Akinyi akampigia makofi dirishani.

"Hata habari za kazi nisimuulize?" Kogo akaniuliza.

"Utamuuliza akifika, Kogo."

Nikapiga. Yule mwenzake akapokea, akaenda kumwita Weldon, na saa inakwenda. Nikasikia viatu vikikimbia sakafuni. Sekunde thelathini na tano zilikuwa zimeisha Weldon aliposema halo. Uzi mweupe ulikuwa na tabia moja: sauti ilichelewa kidogo njiani. Kogo akasema, "Weldon, kuja nyumbani upesi." Akangoja ajibiwe, kwa adabu. Kimya. "Ni Kibet," akasema. Sasa jibu la kwanza likafika: "Mama, kuna nini?" Kogo akanyamaza kumpisha. Wakanyamaza wote wawili. Kogo akafungua mdomo, akasema, "Jumamosi," nami nikaona mshale umefika hamsini na tatu, nikakata.

Kogo alibaki na simu sikioni. "Nimemaliza?"

"Umesema ya maana."

"Sijasema koito."

"Amesikia Kibet, amesikia Jumamosi. Ni mtu mzima."

Wakati huohuo simu ikalia mara moja ikanyamaza. Flashi. Kwetu Litein, siku hizo, flashi moja ilikuwa na maana ya "nimesikia", na mbili "nipigie". Nikamwambia Kogo, "Unaona? Amesikia." Akafurahi, akaenda zake. Hatukujua kwamba kule Athi River flashi moja ndiyo ilikuwa "nipigie". Weldon alisimama na simu ya watu mkononi akingoja. Hakupigiwa. Akahesabu alichosikia: mama yake, bila hata chamgei, anamwambia aje upesi, ni Kibet, Jumamosi. Nanyi mnajua Jumamosi kwetu tunafanya nini. Tunazika.

Ijumaa mchana walishuka watu watatu hapo stendi. Weldon na wenzake wawili wa kiwandani, maana mfiwa haachwi asafiri peke yake. Mmoja alibeba unga wa mahindi, mwingine sukari na majani ya chai. Weldon alikuwa amevaa koti jeusi ambalo halikuwa lake. Mikono ya koti ilimfunika viganja. Akaja mpaka kwenye dirisha letu.

"Chelang'at," akasema, sauti ya chini sana, "wamempeleka mochari gani?"

"Nani?"

"Usinifiche. Nimejikaza njia yote. Niambie tu Kibet yuko wapi."

Mama Akinyi ndiye aliyejibu, maana yeye hakosi neno. "Kibet? Si yuko hapo kwa kinyozi!"

Mlango wa kinyozi ulikuwa hatua nane kutoka kwetu. Kibet aliposikia jina lake alitoka, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Alikuwa anajitengeneza kwa ajili ya wakwe. "Eh, Weldon! Umefika mapema!" akaita.

Yule wa unga akauangusha mfuko ukapasuka. Weldon hakumkimbilia ndugu yake. Alikaa chini, pale pale kwenye unga, na koti la watu, akaanza kucheka, kisha si kucheka. Kibet akamzunguka akiuliza, "Nimefanya nini? Jameni, nimefanya nini?"

"Umefufuka," Mama Akinyi akamwambia. "Rudi ndani umalizwe kichwa."

Watu walicheka mpaka jioni, nami nilicheka nao, mpaka mwenzake Weldon mmoja, yule wa sukari, aliponivuta pembeni. Akanieleza jambo ambalo Weldon hakulitaja. Weldon alikuwa kibarua wa siku kwa siku kwa miaka minne. Ijumaa hiyo mchana ndipo orodha ya wanaoajiriwa moja kwa moja ilikuwa inasomwa, na kila mtu alijua jina lake limo. Sheria ya pale ilikuwa uitike mwenyewe. Msimamizi hakuwepo Alhamisi jioni walipomtafuta kuomba ruhusa, wakaondoka alfajiri bila ruhusa. "Sisi wawili tumeshaajiriwa," akasema, "tutakaripiwa tu. Yeye sijui."

Nikachukua simu. Nilipiga ofisi ya kiwanda, na kwa mara ya kwanza sikushika saa. Niliongea na karani mwanamke, nikamweleza yote, mpaka uzi mweupe. Alinisikiliza vizuri.

"Pole," akasema. "Kwani nani amefariki?"

"Hakuna mtu amefariki."

"Sasa huyu alienda kuzika nani?"

"Hakuenda kuzika. Alidhani."

"Madam, orodha ilisomwa saa nane. Jina likiitwa mara tatu bila mwenyewe, linachukuliwa la chini yake. Hilo la chini limeshapewa kofia ya walioajiriwa." Nikasikia akifunga daftari. "Pole sana," akasema tena, na nilijua anamaanisha, lakini kofia ilikuwa imeshavaliwa.

Koito ilifanyika Jumamosi. Weldon alikaa mahali pa baba yake, akazungumza vizuri na wazee, na wageni wake wawili walikula mbuzi wa furaha badala ya chai ya matanga. Kiwandani hakurudishwa.

Jumatatu Kogo Taplelei alikuja. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Badala yake alikaa kwenye benchi, akanisalimia salamu zote, wadogo zangu mmoja mmoja, ng'ombe wetu, chai yetu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, dakika iko na sekunde ngapi?"

"Sitini, Kogo."

"Mimi ulinipa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Saa ilikuwa imeelekea kwangu. Nikamwambia, "Hamsini na tatu."

Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe. Kule kwenye mizani ya chai karani anatukata kilo, eti za uzito wa gunia, tunalia. Na wewe uliyelia pamoja na sisi, unatukata kilo za gunia hapa." Akafungua vidole vyake. "Koito ni neno moja. Sekunde saba zingenitosha kulisema. Zingebaki hata za kumuuliza kazi."

"Nitakulipa dakika tano, Kogo. Nitakulipa kumi."

"Sikudai dakika," akasema. "Nadai zile saba."

Mzee Onyango hakuniambia "nilikuambia". Alinipa kitambaa na chaki. Nikafuta ukuta, nikaandika ANZA NA NI KWEMA. Tangu siku hiyo kila mteja wangu alianza na maneno hayo mawili kabla ya lolote: ni kwema. Yanachukua sekunde moja, moja na nusu kwa mzee. Hakuna akiba ya simu iliyo na thamani kuliko hiyo sekunde moja na nusu. Na saa niliigeuza, nikaitundika ikielekea kwa mteja. Waliokuwa na pesa ya dakika walipata dakika. Zilizozidi nilizilipa mimi, na wadogo zangu hawakulala njaa, kwa hiyo hofu yangu yote ya sitini na moja ilikuwa kubwa kuliko sitini na moja yenyewe.

Mengine mnayajua, au mmeyakuta. Ilikuja ile kadi ya kukwaruza ya kupigia ng'ambo, unabonyeza namba ndefu, kisha nyingine ndefu zaidi, kisha ndiyo namba yenyewe. Wazazi wa wakimbiaji walio Marekani walijipanga kwa ajili yake. Nilizibonyeza kwa kichwa bila karatasi. Ukikosea moja ya mwisho unaanza upya, na mzazi anakutazama kana kwamba umemwangusha mtoto kwenye mstari wa mwisho. Ikaja kompyuta na vifaa vya masikioni. Kampuni zikaanza kuhesabu kwa sekunde, na nilipomweleza Kogo hivyo, alisema, "Kwa hiyo sasa zangu saba ziko na bei yake?" Zikaja simu za laini mbili, na kila mtu akawa na kibanda mfukoni. Mzee Onyango akarudi ziwani, akaniachia kibanda na saa. Kibanda kikawa duka, nami nikawa wa kuwaelekeza watu: bando gani ni la mtandao, lipi ni la kuongea, lipi litakwisha kabla hujafika nyumbani. Swali halikubadilika. Namba yako inaanzaje? Unampigia nani? Unataka kumwambia nini?

Weldon anachuma chai yao, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kituo chao. Hana kinyongo nami. Ila nimemwona, akipita mahali nyumba mpya inaezekwa, anasimama, anainua bati moja na kutazama muhuri wake. Akimaliza, anaendelea na safari.

Siku yangu ya mwisho dukani, wengine wenu mlikuwepo, Weldon alimleta Kogo. Sasa anatembea na fimbo na macho yamepungua, masikio bado ni makali. Alitaka kumsalimia mjukuu wake, binti ya Kibet, aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo kwa mbio za miguu yake. Nikampigia kwa mtandao, nikamwekea simu mkononi. Akaanza na ni kwema, vizuri kabisa. Kisha chamgei. Kisha ng'ombe kwa majina, na ndama zao. Mvua. Chai. Kanisa. Alimaliza dakika arobaini, na hakuna neno lolote alilokuwa ametumwa kulisema. Hiyo ndiyo ilikuwa simu nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na haikugharimu hata peremende.

Aliponirudishia simu nikamuuliza, nikitabasamu, "Kogo, si sasa tumemalizana?"

"Hizi ulizilipia ngapi?"

"Ni za mtandao. Ni kama bure."

"Basi hizi ni zawadi," akasema. "Asante sana. Zawadi hailipi deni."

Saa ya Mzee Onyango nilikwenda nayo nyumbani. Msiitafute kwenye droo. Kila Jumapili nakutana na Kogo kwenye lango la kanisa. Ananisalimia salamu zote, wadogo zangu ambao sasa ni wazee, ng'ombe, mvua, mpaka watu wanatuzunguka kupita. Akishamaliza, anahamisha fimbo kwapani ili mikono yote miwili iwe huru, na kunionyesha vidole saba.